Fungua Droo Kwanza: Kununua Vioo na Fanicha za Chumbani za Miaka ya 1950 na 1960

Ukinipigia simu kuniuliza kama dola 300 ni bei nzuri kwa dresa, yaani kabati pana la droo la chumbani, uliyoiona mtandaoni, nitakuuliza swali moja kabla ya kukujibu: umefungua droo? Wengi hawajafungua. Wameona picha, tena ya mbele tu, na mbele ndiko kunakopakwa vanishi mpya na kufungwa vishikio vya kung'aa. Ubora wa fanicha ya zamani uko ndani ya droo, mgongoni na chini ya tumbo. Huko ndiko pa kuanzia, iwe unanunua kitanda, kabati au kioo.

Useremala nilijifunza Ngamiani, Tanga, kwenye karakana iliyotengeneza vitanda vya mninga na milango ya mvule. Sasa naishi Grand Rapids, Michigan, na kazi yangu ni kutengeneza fanicha kuukuu. Mji huu umeitwa Mji wa Fanicha tangu karne ya 19. Kiwanda cha Widdicomb kilikuwa hapa hapa. Ukiendesha gari nusu saa unafika Zeeland, nyumbani kwa kampuni ya fanicha ya Herman Miller, na mbele kidogo Holland, walikokuwa kampuni ya Baker, waliotengeneza kazi za mbunifu Finn Juhl wa Denmark. Kwa hiyo vitu hivi bado vimo majumbani mwa wazee wa huku, na kila wiki kuna familia inayoviuza. Wakati huohuo naona ndugu zetu wa miji jirani ya Kentwood na Wyoming, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wenzangu, wakitoa fedha za jasho kununua kabati jipya la chipbodi, yaani chembe za mbao zilizogundishwa, ambalo likimwagikiwa ndoo ya maji linavimba, na likihamishwa nyumba mara mbili linaachia skurubu. Naumia, kwa sababu kwa fedha hizohizo wangepata kitu ambacho watoto wao wangekirithi.

Fanicha ninayoizungumzia ni ile ambayo matangazo ya huku huiita "mid-century modern", iliyotengenezwa kuanzia Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960. Askari walirudi, wakaoa, zikajengwa nyumba ndogo zenye dari la chini, na fanicha ikatengenezwa ya kuzifaa: mistari iliyonyooka, miguu myembamba inayoinua kabati ili sakafu ionekane, bila nakshi nyingi. Wamarekani walipenda wolnati, mbao ya kahawia ya mti uzaao jozi. Wadenmark na Waswidi walitumia sana mtiki, ndugu wa ule unaopandwa Longuza kule Muheza. Ukishafanya kazi na mtiki nyumbani, huku utautambua kwa kuugusa tu. Una mafuta yake.

Sasa droo.

Vuta droo ya juu mpaka itoke yote, iweke sakafuni, uitazame pale ubao wa mbele unapokutana na ubao wa ubavuni. Kazi nzuri ina meno yaliyofumana, kila jino limepanuka mwishoni, kiasi kwamba hata gundi ikifa ubao wa mbele hauwezi kuchomoka kwa kuvutwa. Hicho ndicho kiungo kinachobeba droo miaka 60 na zaidi. Kwa fanicha za viwandani meno hayo yalikatwa kwa mashine, hivyo yanalingana; usidhani ni kasoro. Ukikuta ubao umepigiliwa kwa stepo, au mbavu za droo ni chipbodi iliyofunikwa karatasi yenye picha ya mbao, irudishe droo taratibu, mshukuru mwenye mali, uondoke.

Geuza droo utazame kitako. Kwenye kazi nzuri kitako ni plaiwudi nyembamba iliyoingizwa ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye mbavu. Kikiwa kimelegea si neno, gundi kidogo inatosha. Kikiwa kimevimba na kupinda, hapo maji yalipita, na yaliyoipata droo hiyo yamelipata kabati zima. Kisha rudisha droo mahali pake na uisukume kwa kidole kimoja, ukigusa kona moja tu. Droo iliyotengenezwa vizuri inaingia bila kukwama. Ikikwama kidogo, huenda ile reli ya mbao iliyo katikati chini yake imekauka au kulika. Mimi huipaka nta ya mshumaa na kazi imekwisha. Ikiyumba huku na huku, reli imeng'oka, na hilo ni jambo la kukupunguzia bei, halikuzuii kununua.

Toa droo zote kama mwenyewe anaruhusu, uingize mkono na tochi ndani ya kabati tupu. Angalia mgongo. Angalia vijiti vya pembeni vilivyogundishwa kwenye kona. Halafu nusa. Harufu ya sigara huingia ndani ya mbao isiyopakwa kitu, na ndani ya droo ndiko kusikopakwa. Inatoka kwa kufuta, kuanika siku kadhaa na kupaka koti la shelaki, aina ya vanishi, ndani, ila inachukua muda. Harufu ya ukungu wa chumba cha chini ya ardhi ni ngumu zaidi, na kwa mtu mwenye pumu chumbani singeipendekeza hata kwa bure.

Sasa tazama nyuma ya vishikio, upande wa ndani wa ubao wa mbele. Kishikio cha asili kimeacha kivuli chake: mbao iliyo chini yake ina rangi tofauti kidogo, na tundu la skurubu limeshikamana na umri wa mbao. Ukiona matundu mengine yaliyozibwa kwa pati, vishikio vimebadilishwa. Beba sumaku ndogo mfukoni. Shaba haishikwi na sumaku. Chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinashikwa. Miguu nayo uitazame kwa chini, kwa sababu ni rahisi mno kununua miguu mipya iliyochongoka na kuifunga kwenye kabati la miaka ya 1980. Bati jipya linalong'aa na skurubu nyeupe za zinki chini ya kabati lenye vumbi la miongo mingi ni dalili tosha. Watu wengine watakwambia skurubu yenye kichwa cha msalaba ni ushahidi wa upya. Si kweli. Skurubu hizo zilikuwa viwandani tangu miaka ya 1930.

Alama ya kiwanda mara nyingi imechomwa au kupigwa mhuri ndani ya droo ya juu, au mgongoni. Lane wa Altavista, Virginia, wamekurahisishia: mhuri wao una namba ambayo ukiisoma kinyumenyume unapata tarehe ya kutengenezwa. Namba 075140 ukiigeuza ni 041570, yaani Aprili 15, 1970. Ukiikuta tarehe hiyo kwenye kitu kinachouzwa kama cha miaka ya 1950, una la kuzungumza na muuzaji.

Juu ya kabati, sogeza kile kitambaa. Huwa kipo, na aghalabu kinaficha kitu. Alama nyeupe ya duara iliyoachwa na glasi iko kwenye vanishi na huondoka; alama nyeusi imeingia kwenye mbao, na hiyo ni kazi. Viwanda vingi vya Marekani viliweka fomaika, plastiki ngumu yenye picha ya mbao, juu ya dresa badala ya mbao, ili manukato na sigara visiharibu. Utaitambua kwa ubaridi wake, na kwa mistari ya mbao inayofika ukingoni ikakatika ghafla badala ya kushuka. Mimi siidharau fomaika. Kwa nyumba yenye watoto ni bora kuliko wolnati yenyewe, na bei yake huwa ya chini kwa sababu wauzaji wanaionea haya.

Karibu fanicha zote hizi ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri, juu ya mbao nyingine. Usishtuke. Vinia ya wakati huo ilibandikwa juu ya mbao imara au plaiwudi nzuri, na ndiyo iliyowawezesha kupanga mistari ya wolnati ikafuatana kutoka droo moja hadi nyingine. Hilo ni jambo la kulitafuta: simama hatua tatu nyuma uone kama mistari inatiririka mbele nzima. Kisha pita na ukucha ukigonga pole pole. Mahali ambapo sauti inabadilika ikawa tupu, vinia imeachia chini. Kipande kidogo kilichomeguka kwenye ukingo wa chini hurekebishwa. Kilichomeguka katikati ya sehemu ya juu, mbele ya macho, kitakuudhi kila asubuhi. Na tafadhali, ukishanunua, usipeleke mashine ya msasa kwenye vinia. Ni nyembamba mno, na ukishaitoboa hakuna fundi wa kuirudisha.

Kuhusu majina

Muuzaji akishajua jina, bei inapanda. Seti iitwayo Broyhill Brasilia ni mfano mzuri. Ilitoka kwenye kiwanda cha Lenoir, North Carolina, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya Seattle mwaka 1962, na mikunjo yake ya mbao mbele ya droo ilichukuliwa kutoka kwenye nguzo za majengo ya msanifu Oscar Niemeyer huko Brasília, mji mkuu wa Brazil. Ni nzuri, naikubali, lakini naona watu wanalipia zaidi mikunjo ile kuliko mbao. Fedha hizohizo ningezipeleka kwa seti ya Planner Group ya mbunifu Paul McCobb, iliyotengenezwa Winchendon, Massachusetts, kwa mbao nyeupe ngumu isiyo na vinia. Hiyo unaweza kuikwangua na kuipaka upya bila hofu. Drexel Declaration nayo ni kazi safi ya wolnati. Heywood-Wakefield wa Gardner, Massachusetts, ni wa mbao za rangi ya ngano, zenye kona za mviringo. Kwenye chumba kidogo cheusi zinaleta nuru. Wabunifu George Nelson kwa Herman Miller, na Robsjohn-Gibbings kwa Widdicomb, hao ni wa bei nyingine, na kama unakutana nao kwenye nyumba ya mzee aliyefariki utakuta wafanyabiashara wamekwishatangulia.

Kwa mtu anayetaka chumba kizuri cha kulala na si kufungua jumba la makumbusho, nunua isiyo na jina kubwa. Virginia na Carolina Kaskazini zilitengeneza seti nyingi sana za dresa ndefu, kabati la droo la kusimama, meza mbili za kando ya kitanda na kioo, zenye meno mazuri kwenye droo na vinia safi ya wolnati, na majina yake leo hayamsisimui mtu. Kwa huku kwetu, dresa ya droo tisa ya aina hiyo pamoja na kioo chake kwa dola 150 hadi 350 mimi nachukua bila kusita.

Vioo

Kioo cha bei nafuu kuliko vyote ni kile kilichozaliwa na dresa. Watu wananunua dresa waweke televisheni, kioo kinabaki kimeegemezwa ukuta wa gereji. Muulize muuzaji: "Kioo chake kipo?" Mara nyingi kipo na hajui afanye nini nacho. Utapata kioo kipana chenye fremu nyembamba ya wolnati na nguzo mbili za mbao mgongoni zinazofungwa kwa skurubu nyuma ya kabati. Ukiziondoa nguzo, unakitundika ukutani peke yake, kimelala au kimesimama.

Baada ya hicho kuna vya Skandinavia vya fremu ya mtiki, vingine vya umbo la tone, vingine vya mstatili vyenye kibao kidogo cha kuwekea kitana. Waswidi Uno na Östen Kristiansson walibuni vioo vya kampuni ya Luxus ya Vittsjö, na kazi yao inatafutwa sana. Kuna vioo vya jua, duara dogo katikati na miale kuzunguka. Vingi vya kiwanda cha Syroco si mbao wala shaba, ni vitu vilivyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya dhahabu, kwa hiyo usilipe bei ya shaba. Na kuna vile vya duara vinavyoning'inia kwa mkanda wa ngozi, mtindo wa Mfaransa Jacques Adnet. Hivi vinatengenezwa upya kila siku. Ngozi laini isiyo na mkunjo mahali inapopita kwenye msumari ni ngozi mpya, hata aseme nini muuzaji.

Kukikagua, geuza mgongo kwanza. Kioo cha wakati ule kina ubao mwembamba au kadibodi ya kahawia iliyoungua rangi kwa umri, misumari midogo yenye kutu kidogo, na vumbi kwenye kona ambalo halikuwekwa jana. Utabahatika mara nyingine kukuta karatasi ya kiwanda cha kioo, kama Libbey-Owens-Ford wa Toledo au Carolina Mirror, na hata mhuri wa tarehe. Tarehe hiyo ina thamani kuliko maneno yote ya tangazo. Mgongo ulio mweupe na safi kama sahani mpya, wenye stepo zinazong'aa, ni wa juzi, au kioo kimebadilishwa. Kubadilishwa si dhambi, mradi uambiwe.

Kisha njoo mbele. Gusisha ncha ya kalamu ya risasi kwenye kioo. Fedha, yaani lile tabaka linaloakisi sura, iko nyuma, kwa hiyo kati ya ncha na taswira yake utaona pengo, na pengo likiwa kubwa ndivyo kioo kilivyo kinene. Kilichobandikwa kwenye dresa nzuri kawaida ni kinene, karibu milimita 6. Weka kiganja: kioo ni baridi, plastiki ina joto la chumba. Simama kando mahali unapoona ukingo wa mlango ndani ya kioo, halafu sogeza kichwa polepole kulia na kushoto. Ukingo ukibaki umenyooka, kioo kimenyooka. Ukicheza kama mtu aliye ndani ya maji, ujue utajiona hivyo kila unapofunga kilemba.

Madoa meusi yanayoanzia ukingoni ni unyevu ulioingia nyuma ya rangi na kula fedha. Mimi nayapenda yakiwa machache, yanaonyesha kioo ni cha kweli. Yakifika usawa wa uso hesabu gharama mapema: kupaka fedha upya kunaweza kuzidi bei ya kioo chenyewe, na kukata kioo kipya kwenye duka la vioo ndiyo njia rahisi. Hivyo kwenye kioo kilichoharibika lipia fremu tu. Na ili doa lisiongezeke, usipulizie dawa ya kusafishia moja kwa moja juu ya kioo. Inatiririka hadi ukingoni na kuingia nyuma. Lowesha kitambaa, kamua, futa, kausha kingo.

Uzito wasiouhesabu wengi. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa mita moja ya mraba. Kioo cha dresa cha sentimita 100 kwa 120 kina kilo 18 kabla hujaongeza fremu na mgongo. Kuta za nyumba za huku ni jipsamu, na msumari uliopigwa kwenye jipsamu tupu hauna kitu cha kushika. Tafuta nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta, ambazo kwa kawaida zimepangwa kila inchi 16, yaani sentimita 40, ufunge hapo. Ninavyofanya mimi, nakata vibao viwili kwa mshazari wa nyuzi 45. Kimoja nakifunga kwenye nguzo za ukuta, mdomo wake umeelekea juu, kingine mgongoni mwa kioo, mdomo chini, kisha kimoja kinakaa juu ya mwenzake. Hakitelezi wala hakiendi upande. Mpangaji aliyekatazwa kutoboa ukuta arudishe zile nguzo mbili za mgongoni mwa kioo, afunge kioo kwenye dresa kama kiwanda kilivyokusudia.

Mahali pa kukiweka: ukuta unaotazamana na dirisha. Mwezi Desemba hapa mchana una saa 9 tu za mwanga, na kioo kipana kikipewa dirisha kinaufanya mchana huo ufike mpaka kona ya kabati. Mama yangu hakubali kioo kielekee kitanda, na chumbani kwangu hakielekei.

Kitanda

Hapa vipimo vinawaangusha watu. Vitanda vingi vya miaka hiyo ni vya inchi 54 kwa 75, yaani sentimita 137 kwa 190. Godoro la "queen" ambalo kila mtu analo leo ni inchi 60 kwa 80, sentimita 152 kwa 203. Kitanda kamili cha zamani hakilikubali. Kinachowezekana ni kuchukua ubao wa mchagoni peke yake na kuufunga kwenye fremu ya chuma ya kisasa kwa vile vipande vya kuunganishia vinavyouzwa madukani. Ubao utakuwa mfupi kidogo kila upande, na mito inaficha. Angalia pia urefu wake kwenda juu. Magodoro ya leo ni manene, na ubao mzuri wenye nakshi ya kusukwa unaweza kuzama wote nyuma yake.

Kama unanunua kitanda kizima, mifumbati ndiyo ya kuikagua. Mara nyingi imepotea, na mifumbati ya kitanda kingine haiingii kwa sababu ndoano hazilingani na nafasi zilizo kwenye kitakizo. Ifunge palepale mbele ya muuzaji, utikise. Matendegu yasilie.

Godoro la mtumba usinunue. Hata kama mwenyewe ni mtu wa heshima.

Pa kununulia

Mauzo ya mali ya nyumba, yanayofanywa mzee anapofariki au kuhamia kwa watoto, ndiyo mahali bora. Yanatangazwa kwenye EstateSales.net kwa picha. Kawaida huchukua siku mbili au tatu. Siku ya kwanza bei haishuki, siku ya mwisho nusu bei ni jambo la kawaida. Tafuta kwenye mitaa ambayo nyumba zake zilijengwa miaka ya 1950 na 1960, kwa sababu fanicha iliingia na wenye nyumba na haikutoka. Unapoingia kumbuka ni nyumba ya watu. Ukimkuta mtoto wa marehemu, mpe pole kwanza. Nimeona heshima hiyo ikifungua mazungumzo ambayo pesa haifungui: ataeleza seti ilinunuliwa lini, duka gani, na meza ya pili ya kando ya kitanda iko gereji.

Maduka ya mitumba ya Goodwill na ReStore ya Habitat for Humanity yana bahati yake; pitia mara kwa mara. Kwenye Facebook Marketplace na Craigslist usiandike tu "mid-century", maana anayeijua lugha hiyo anaijua na bei. Andika "old dresser", "dresser with mirror", au jina la kiwanda. Omba picha tatu: droo imetolewa, mgongo, na chini. Anayekataa kukutumia picha ya mgongo ameshakujibu.

Ya hatari, usiyaruke

Kunguni kwanza. Washa tochi na pitisha ukingo wa kadi ngumu kwenye viungo vya droo, matundu ya skurubu, nyufa za ubao wa mchagoni, na nyuma ya kadibodi ya kioo. Vidoa vyeusi vilivyojipanga, maganda mepesi ya kahawia, au mdudu mwenyewe: acha, hata iwe ya Herman Miller.

Sanduku la mwerezi la Lane, lile refu linalowekwa miguuni mwa kitanda, lina historia ya msiba. Yaliyotengenezwa kati ya 1912 na 1987 yana kitasa kinachojifunga chenyewe kifuniko kikishuka, na watoto waliojificha ndani walikosa hewa wakafa. Serikali ya Marekani ilitangaza vitasa hivyo vibadilishwe. Ukinunua, ng'oa kitasa siku hiyohiyo kabla sanduku halijaingia ndani.

Kabati la droo la kusimama lifunge ukutani kwa mkanda. Kanuni mpya za kuzuia makabati yasiwaangukie watoto zilianza Septemba 2023 na zinahusu yaliyotengenezwa baada ya hapo. La kwako halimo. Na fanicha iliyopakwa rangi kabla ya 1978, mwaka ambao rangi yenye risasi ilipigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani, ipimwe kabla ya kuingia chumba cha mtoto. Usiikwangue kavu ndani ya nyumba.

Kubeba na kusafirisha

Toa droo zote na uziandike namba kwa chini kwa utepe wa karatasi, pamoja na nafasi zake. Kila droo ililainishwa kuingia tundu lake, na ukizichanganya utashinda mchana kutwa ukizijaribu. Dresa ndefu inafika sentimita 180. Pima kona ya ngazi zako kabla hujalipa. Kioo kisafiri kimesimama kwa ukingo, kimefungwa blanketi, kimebanwa kisiende mbele wala nyuma. Kikilala, shimo moja la barabarani linatosha kukipasua.

Wapo wanaotaka kupeleka seti nyumbani kwa kontena, Dar es Salaam au Mombasa. Inawezekana, ila mbao iliyokaushwa na hita za Michigan miaka 60 itafyonza unyevu wa pwani na droo zitabana. Ziache zikae miezi michache kabla ya kuziranda, nyingi hutulia. Jambo la kisheria ni zito zaidi. Fanicha nyingi za Denmark za miaka ya 1960 zimetengenezwa kwa Dalbergia nigra ya Brazil, mbao nyekundu-nyeusi yenye mistari mieusi, ndugu wa mpingo wetu. Tangu 1992 mti huo uko kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kitu chake hakivuki mpaka bila hati, hata kikiwa kuukuu. Ukishuku kwamba kabati lako ni la mbao hiyo, waulize U.S. Fish and Wildlife Service, idara ya wanyamapori ya serikali ya Marekani, kabla hujalipakia, kwa sababu likizuiwa bandarini utapoteza kabati na nauli yake.